Mtoto Asiyetazamiwa

Yako mambo ambayo mwanadamu huyaomba, na yako ambayo huyakimbia. Lakini yako na mengine ambayo humjia yenyewe, wala hakuyaomba, wala hakupata nafasi ya kuyakimbia. Mwezi huu twataka kufikiri pamoja na wasomaji wetu juu ya jambo moja la namna hii ya tatu. Ni habari ya mtu ambaye hakuoa, au hakuolewa, wala hakujiweka tayari kuwa mzazi, kisha siku moja akajikuta ana mtoto mikononi mwake, naye yu peke yake. Je, imempasa kumlea? Kama imempasa, ni kwa wajibu gani, maana si yeye aliyemzaa? Tena, kwa nini habari ya mtu kama huyu, ikisimuliwa, hugusa mioyo ya watu wa kila taifa?

Jambo hili si geni kwetu. Nyahanga yetu imo Kahama, na Kahama imo katika njia ya dhahabu. Kuna Bulyanhulu, ambako mgodi mkubwa ulianza kazi mwaka 2001; kuna Buzwagi, mgodi ulioanza mwaka 2009, na kazi yake ikakoma mwaka 2021; na mbele zaidi kuna Geita, ambako mgodi wa siku hizi ulifunguliwa mwaka 2000. Zaidi ya hiyo, yako machimbo ya wachimbaji wadogo, kama Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu, ambako watu huteremka katika maduara kwa kamba na nguzo za miti. Dhahabu huwaita watu kutoka mbali, nao huja bila mama zao, bila shangazi, bila wazee wa kuwaonya. Mimba hutungwa, kisha husikiwa habari ya mahali papya palipoonekana dhahabu, mwanamume hufunga mzigo wake usiku, na asubuhi hayupo. Wengine hawakukimbia, duara liliwafukia. Tena tangu mwaka 1983, ugonjwa wa UKIMWI ulipotambuliwa kwanza nchini katika Mkoa wa Kagera, nyumba nyingi za kanda hii ya ziwa zilipoteza baba na mama pamoja, wakabaki bibi na wajukuu.

Kila mtu aliyehudhuria msiba wa namna hiyo aijua saa inayokuja baada ya kuondoa matanga. Wazee huketi, na wakiisha kuhesabu madeni ya marehemu na vyombo vyake, mmoja hukohoa na kusema, "Na watoto je?" Ndipo watu hutazama chini. Huyu asema nyumba yake ni ndogo. Huyu asema mkewe hana afya. Huyu asema watoto wake mwenyewe wamemshinda. Mwisho hujitokeza mtu ambaye hakuna aliyemtazamia, pengine kijana asiye na mke, afanyaye kazi ya kusaga mawe katika karasha, akasema, "Wazee wangu, mpwa wangu nitakwenda naye mimi." Wazee hushukuru, na wengine hupumua kama watu waliotuliwa mzigo.

Yuko mwanamke Mjapani, mtungaji, jina lake Yumi Unita, aliyeandika habari ya saa hiyo hiyo. Wajapani wana hadithi zisimuliwazo kwa picha, ziitwazo manga, nazo husomwa na wakubwa kwa wadogo. Hadithi yake iliitwa Usagi Drop, nayo ilitoka kidogo kidogo katika gazeti tangu mwaka 2005 hata mwaka 2011. Yasimulia habari za Daikichi, mtu wa miaka 30 asiye na mke, aliyekwenda kumzika babu yake. Huko msibani alimkuta mtoto wa kike wa miaka 6, jina lake Rin, ambaye jamaa walisema ni mtoto wa huyo babu, aliyezaliwa nje ya ndoa. Jamaa waliona haya, wakaanza kumtupiana kwa maneno mbele ya masikio yake. Daikichi akakasirika, akamwuliza mtoto kama ataka kwenda kwake, mtoto akamfuata. Hapo ndipo hadithi inapoanza, maana yule bwana hakujua lo lote katika mambo ya watoto. Ilimpasa kutafuta nguo, kutafuta mahali pa kumweka mchana, na kukimbia naye asubuhi kupanda magari ya moshi yaliyosongana watu. Mwisho aliomba kazini kwake aondolewe katika kazi iliyomkawiza mpaka usiku, apewe nyingine isiyo na sifa, ili awahi kumchukua mtoto. Katika hadithi hii hamna vita, wala hazina, wala majini. Hata hivyo watu wengi waliipenda, na mwaka 2011 ikafanywa katuni ya televisheni, na tena filamu ya waigizaji.

Zamani kabla ya huyo, mwaka 1861, mwanamke Mwingereza, aliyejiita George Eliot kwa jina la kiume, alitoa kitabu kiitwacho Silas Marner. Sisi wa nchi ya dhahabu twapaswa kukijua. Silas alikuwa mfumaji wa nguo, mtu mpweke, aliyedhulumiwa na rafiki akahamia kijiji cha ugenini. Kwa muda wa miaka 15 aliweka akiba ya vipande vya dhahabu, na kila usiku alivitoa na kuvihesabu, akavipenda kama watu. Mwivi akaja akaviiba vyote. Kisha, usiku wa kuamkia mwaka mpya, mtoto mdogo wa kike aliingia kwake kwa miguu yake mwenyewe, mama yake akiwa amekufa nje katika theluji. Silas macho yake hayakuona vema. Alipoona nywele za mtoto zikimetameta mbele ya moto, alidhani dhahabu yake imerudi. Akanyosha mkono aishike, akagusa nywele laini za mtoto. Akamlea, akamwita Eppie. Na mtu yule ambaye alikuwa kama mfu akawa hai tena, akajuana na jirani zake, akaanza kwenda kanisani.

Na katika Maandiko yuko Mordekai, aliyemchukua Esta, binti wa baba yake mdogo, alipofiwa na baba na mama, akamlea kama binti yake mwenyewe. Basi twaona ya kuwa Mwebrania, Mwingereza na Mjapani, kila mmoja kwa wakati wake, wamesimulia jambo moja. Na tujiulize sasa kwa nini latugusa.

Sababu ya kwanza ni hii: mtoto wa namna hii hana neno la kutushawishi. Hakudai, hakusema ana haki, hajui hata kuomba vizuri. Amesimama tu. Watu wazima wakitaka kitu hujadiliana, na sisi huweza kuwashinda kwa hoja. Lakini haja ya mtoto haina hoja, na kwa hiyo haishindwi.

Sababu ya pili ni kwamba twaona mtu akigeuzwa kwa mambo madogo. Mtu akifa vitani kwa ajili ya nchi yake twamsifu, lakini kazi yake ilikuwa ya saa moja. Mlezi kazi yake ni kuchemsha uji kila asubuhi, kuanika mkeka uliolowa, kuamka usiku homa inapopanda, kutafuta kalamu iliyopotea. Hakuna katika hayo neno moja kubwa la kusimulia; lakini baada ya miaka twatazama, na yule mtu si yule. Silas hakuponywa na mahubiri, ila kwa kulazimika kutoka nje mtoto akitaka kuona jua.

Sababu ya tatu ndiyo iliyo ndani zaidi. Sisi sote tumepata kuwa mzigo wa mtu. Hakuna hata mmoja wetu ambaye hakubebwa na mtu aliyeweza kumtua chini. Tena hata mtoto aliyeombwa kwa miaka kumi, akizaliwa, si yule aliyefikiriwa. Ni mwingine, ana sura yake na tabia yake, na mama yake hana budi kuanza kumjua kama ajuavyo mgeni. Kwa hiyo mtoto asiyetazamiwa aonyesha wazi jambo lililo la kweli kwa watoto wote, yaani kwamba kila mzazi hupokea mgeni. Tukimlilia mtoto wa hadithi, twajililia sisi wenyewe, na twawakumbuka waliotupokea.

Lakini yatupasa kuwa waangalifu, maana machozi ni rahisi. Mtu aweza kulia juu ya mtoto wa Kijapani aliyechorwa kwa wino, kisha akafunga mlango mtoto wa jirani asije akaona chungu kikipakuliwa. Hadithi ina ukurasa wa mwisho, na mtoto wa jirani hana. Basi tutaje makosa matatu ambayo huruma ya namna hii huyaficha.

Kosa la kwanza: twamsifu mwanamume kwa kazi ambayo mwanamke huifanya bila sifa. Kijana mmoja akilea mpwa mmoja, mtaa mzima wasema, "Huyu ni mtu!" Lakini bibi kizee aliyelea wajukuu sita, akiuza maandazi na kupalilia mpunga wa watu, hakuna aliyeandika habari zake wala kumpigia makofi. Twadhani yeye amezaliwa ili kulea, kana kwamba mgongo wake hauumi. Hatusemi kijana asisifiwe. Twasema kipimo kiwe kimoja. Kama kazi hii ni njema mikononi mwa Daikichi, ni njema vile vile mikononi mwa bibi, na uchovu wake ni uchovu ule ule.

Kosa la pili: twamsifu mlezi ili tusimsaidie. Tazama vizuri hadithi hizo, utaona kwamba hakuna aliyeweza peke yake. Silas alikuwa na jirani, Bibi Dolly Winthrop, aliyemwonyesha kuosha na kuvika mtoto, akamletea nguo za watoto wake. Na bila huyo, mapenzi ya Silas yangekuwa na njaa na upele. Daikichi alikuwa na mahali pa kumweka mtoto mchana, na wazazi wenzake wa kumfundisha. Huku kwetu husemwa kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Na kazi iliyo kubwa kuliko mtu mmoja huvunja mtu mmoja. Kijana wa karasha akiondoka nyumbani alfajiri, nani amtazama mpwa wake wa miaka mitano? Akimwacha peke yake, twamlaumu. Akienda naye kwenye vumbi la mawe na zebaki, twamlaumu zaidi. Lakini kumwambia, "Mlete kwangu hata jioni," hilo twalisahau.

Kosa la tatu ndilo baya kuliko yote, nalo ni kutaka malipo. Kuna mlezi amchukuaye mtoto, naye moyoni amekwisha kuhesabu faida: huyu atachunga ng'ombe asome baadaye, huyu atachota maji wakati watoto wa nyumbani wako darasani, huyu akikua, ng'ombe za mahari yake zitarudisha uji alioutumia. Huyo hakulea, amekopesha. Hadithi ya Kijapani yenyewe ilipotea njia hapa. Katika sehemu zake za mwisho Rin amekwisha kuwa msichana. Ikajulikana kwamba hakuwa damu ya yule babu, na mtungaji akaifikisha hadithi mahali ambapo yule msichana na mlezi wake waazimia kuoana. Wasomaji wengi walihuzunika, na sisi twaona walikuwa na haki. Si kwamba sheria ya damu ilivunjwa, damu haikuwapo. Lakini mtoto alimwendea mtu yule kama mtu aendavyo kwenye ukuta ili aegemee, na ukuta haupaswi kugeuka kuwa kitu kingine. Mapenzi ya mlezi yana thamani kwa sababu hayangoji cho chote. Siku yanapopokea malipo, twaanza kutilia shaka hata uji wa siku ya kwanza.

Sasa turudi kwenye swali letu: je, kulea mtoto asiyetazamiwa ni deni, au ni hiari?

Mmoja asema, "Sikumzaa, kwa hiyo sidaiwi." Twamjibu: ukipita njiani ukaona mtoto ametumbukia kisimani, hukuulizi ukoo wake kwanza, wamtoa, na usipomtoa, hakuna atakayekubali udhuru wa kwamba hukumzaa. Wajibu basi hautoki katika kuzaa tu. Hutoka pia katika kuwapo mahali haja ilipo, nawe una uwezo.

Lakini mwenzetu aweza kushika neno, akasema, "Kumtoa mtoto kisimani ni kazi ya saa moja, kumlea ni kazi ya miaka 18. Je, bahati mbaya ya siku moja yaweza kumfunga mtu miaka 18?" Neno hili ni zito, wala hatutaki kulipita upesi. Kijana aliyetazamia kuoa, kujenga, kusoma, anaweza kuyakosa hayo yote. Hadithi nzuri hupunguza gharama hiyo ili tufurahi. Sisi yatupasa kuisema.

Jibu letu ni hili. Haja ya mtoto haikumwangukia mtu mmoja; iliwaangukia wote walioketi katika kikao kile, na majirani waliosimama nje. Deni lilikuwa la wote. Mmoja aliposema, "Nitakwenda naye," hakulipa deni lake mwenyewe tu. Alichukua na sehemu za wengine. Basi wale wengine hawakufunguliwa. Zamani walidaiwa na mtoto. Sasa wadaiwa na mlezi. Kwa hiyo twasema: kwa jamaa zima kulea ni deni, kwa yule mmoja anayejitokeza ni hiari, naye akiisha kupokea, si deni wala hiari tena, ni ahadi.

Na kwa nini ahadi hiyo haivunjwi? Kwa sababu mtoto si jembe la kuazima, ambalo likikuchosha walirudisha kwa mwenyewe. Ameota mizizi. Mti mchanga ukihamishwa mara moja hupona. Ukihamishwa mara tatu hukauka. Kwa sababu hiyo mtu asijitoe kwa moto wa siku moja, kwa kuwa watu wanamtazama, au kwa kuwa moyo wake umeyeyuka. Na afikiri usiku kucha, na aulize wenzake watamsaidia nini. Na wakisema watamsaidia, waseme mbele ya wazee, kwa hesabu: nani atatoa gunia la mpunga, nani atatoa sare, nani atakaa na mtoto mchana.

Limebaki neno juu ya baba arudiye. Katika kitabu cha yule Mwingereza, baba aliyemzaa Eppie alikuwa tajiri wa kijiji kile kile, naye alinyamaza miaka 16 kwa kuogopa aibu. Kisha, alipoona hana mtoto katika ndoa yake, akaenda kwa Silas akitaka binti yake. Eppie akakataa, akakaa na mfumaji. Huku kwetu jambo hili lina sura yake. Katika desturi ya Wasukuma na jirani zao, ng'ombe za mahari ndizo zilizomfunga mtoto na ukoo wa baba. Na mtoto aliyezaliwa bila hizo alihesabiwa kuwa wa upande wa mama. Desturi hiyo ilikuwa na maana yake, kwa kuwa ilihakikisha kwamba kila mtoto ana ukoo. Lakini hutokea mwanamume aliyehama kufuata dhahabu akarudi mtoto akiwa amekwisha kuvunja ungo au kumaliza shule, akaleta ng'ombe, akataka kwenda naye. Ng'ombe huhesabika. Usiku ambao mtoto alilia, na mtu akaamka, huo hauhesabiki, wala hakuna zizi linaloutosha. Sheria ya nchi nayo imesogea upande huu: zamani sheria iliyotungwa wakati wa ukoloni ilimtoza baba wa mtoto wa nje ya ndoa shilingi zisizozidi 100 kwa mwezi, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliiondoa ile, ikaweka faida ya mtoto kuwa jambo la kutazamwa kwanza. Hatusemi baba afukuzwe. Na aje, na asalimie, na alipe ada, na amjue mwanawe. Lakini aingie kama mgeni mwenye heshima katika nyumba aliyoijenga mwingine.

Katika hadithi ya Daikichi kuna jambo moja dogo tunalolipenda kuliko mengine. Alifikiri kumpa Rin jina la ukoo wake, amfanye mwana kwa sheria. Mtoto akasema apenda kubaki na jina lake, naye Daikichi abaki kuwa Daikichi. Akamwacha. Aliweza kumpa nyumba, chakula na wakati wake wote, bila kumdai hata neno "baba". Hicho ndicho kipimo ambacho twataka wasomaji wetu wakichukue. Kila mtu anaweza kujiuliza juu ya mtoto aliye nyumbani mwake ambaye hakumzaa: je, alala mahali pamoja na watoto wangu? Je, apakuliwa katika sahani moja nao? Je, akifanya kosa aonywa kama mwana, au akumbushwa kwamba alikuja bila kitu?

Na ninyi mlioketi katika kikao mkanyamaza, kisha mwenzenu akasema, kumbukeni kwamba mtoto yule angali akikua, na mlezi wake angali akichoka. Mvua za vuli zikianza, mtu huyo ana shamba la kulima na mtoto wa kumtazama. Chukueni jembe mwende kwake.